Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya kumbi zetu za umma

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini hazikujibiwa. Jumamosi tulikuta askari mlangoni mwa ukumbi tuliokwisha kuulipia, wakasema mchezo wetu wa kuigiza umesimamishwa. Na nani? Amri kutoka juu. Karatasi hatukuonyeshwa. Watazamaji walirudi makwao, pesa za ukumbi hazijarudi, na fundi aliyetushonea mavazi kwa mkopo ananipigia simu kila asubuhi.

Siku ya kuufungua ukumbi huo ulituambia ni nyumba ya wasanii. Tulikupigia makofi.

Mchezo wenyewe ni wa boma moja la Bonde la Ufa. Baba Mkalenjin, mama Mkikuyu. Desemba 2007 matokeo ya urais yanatangazwa, na usiku ndugu yake baba anaingia na vijana kuuliza mama yuko wapi. Kifungua mimba anajua alikojificha. Anayeuliza ndiye aliyemlipia karo tangu darasa la kwanza. Aseme, au amkane ami yake? Hakuna mwanasiasa jukwaani, Mheshimiwa. Ni mtoto na watu wake.

Nasikia tunadaiwa kutonesha vidonda. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi ule, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa Januari 1, 2008 watu wakiwa ndani. Nani huku anangoja sisi tumkumbushe? Msichana anayeigiza mama alizaliwa katika ndoa kama hiyo, na kwao jambo hili halizungumzwi mpaka leo. Alipata pa kulisema mazoezini. Hapo napo mmemfungia.

Pengine mnaogopa uchaguzi wa 2027. Lakini Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda ubunifu wa kisanaa, na kinachokatazwa, uchochezi na chuki, kimeandikwa papo hapo. Nionyeshe mstari mmoja wetu unaochochea, nitaufuta. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwaruhusu wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere kuigiza mchezo uliopigwa marufuku. Aprili 2025 wa shule hiyo hiyo waliishia kuimba wimbo wa taifa jukwaani Nakuru na kuondoka bila kuigiza, huku nje kukirushwa vitoa machozi. Watoto wa shule! Tusifike huko tena.

Sidai fidia. Nataka kibali kwa maandishi, au sababu za kutunyima kwa maandishi, zenye sahihi. Kwa maandishi, Mheshimiwa. Waigizaji wangu wananiuliza kila jioni kama waendelee na mazoezi, na jibu unalo wewe.

Wako,
Mwelekezi wa kikundi cha maigizo, Bonde la Ufa