Barua ya wazi kwa Mhifadhi wa Misitu wa Wilaya: kabla ya miche ya mikoko, utazame mlango wa maji

Ndugu Mhifadhi,

Salaam. Nakuandikia kutoka ng'ambo ya ghuba, hapa Lindi, kuhusu tuta la shamba la chumvi lililotelekezwa horini kwetu, kwenye mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Mwenyewe aliondoka zamani. Ule mlango wa mbao, aliokuwa akiuinua wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji yaingie na kuushusha yasitoke, umeoza na kukwama chini. Umebaki upenyo wa kupita ndoo.

Bamvua lililopita nilichomeka fito mbili, moja nje ya tuta na moja ndani, nikangoja maji yajae. Nje yalinifika kifuani. Ndani, hatua chache tu, yalinilowesha vifundo. Na yanayoingia hayatoki yote: yanatuama, jua linayakausha, chumvi inabaki. Michu ya ndani, aina mojawapo ya mikoko, imekufa imesimama. Vile vidole vya mizizi vinavyochomoza topeni ndiyo pua zake, na maji yasiyokupwa huziziba.

Halafu wanakuja watu wa mradi na miche. Mara tatu sasa. Mimi mwenyewe nimepanda (posho nilipokea, sikatai). Tuliichomeka kwenye ukoko mweupe wa chumvi, ikakauka kabla mwezi haujaandama tena. Nje ya tuta, ambako hakuna aliyepanda kitu, mikoko na mikandaa, jamaa yake, inaota yenyewe: mbegu huchipua zikiwa bado mtini, zikadondoka, zikaelea, zikashika tope. Zinachotaka ni njia.

Kwa hiyo siombi miche. Naomba mlango ule upimwe: kizingiti kimepanda kiasi gani juu ya sakafu ya hori, maji yanachukua muda gani kuingia na kutoka, chumvi ya ndani imezidi ya nje kwa kiasi gani, samaki na kamba wanapita au wanaishia tutani. Kisha tuta likatwe pale lilipoziba mkondo wa zamani. Wazee wanapajua, bado pana bonde. Sisemi kila mlango uvunjwe, maana wapo wanaovuna chumvi na wanakula kwayo. Nasema huu usio na mwenyewe.

Majembe tunayo, ila mikoko ni msitu wa hifadhi, na tukigusa bila kibali kesi itakuwa yetu. Njoo mwezi mwandamo, saa kumi alasiri, maji yakiwa yamejaa. Mtumbwi nitakuwa nao. Buti uziache ofisini, tope la huku huzimeza.

Mvuvi wa horini, Lindi