Kabla ya Jumamosi: nyaya, reli na picha

Habari za jioni wanakikundi wa treni ndogo za mfano. Kila anayeleta kipande chake cha meza ya reli Jumamosi apitie haya kwanza.

Treni ikizubaa upande wa mbali wa meza, msilaumu injini. Viungio vya reli hulegea na kuingia uchafu, zile volti 12 za umeme zinazopita relini zinafika zimechoka. Lehemu jozi ya nyaya za umeme relini kila mita moja: nyekundu reli ya nje, nyeusi ya ndani, meza nzima. Ukigeuza rangi sehemu moja tu, ni shoti. Ncha ya lehemu isikae relini zaidi ya sekunde 3, mataruma ya plastiki (vile vipande vinavyobeba reli) yatayeyuka.

Reli chafu ifutwe kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili. Msasa hapana! Mikwaruzo yake ndiyo inayoshika uchafu.

Skeli yetu ni 1:87, yaani kitu halisi ni kikubwa mara 87. Wanaotengeneza SGR (reli ya kisasa), upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5, wa reli ya zamani ya upana wa mita moja, 12. Hizi haziungani, msijaribu.

Picha: simu ilale kwa ubavu mezani, lenzi iwe upande wa chini ikitazama treni, taa moja ya pembeni, taima sekunde 2. Ukipiga kutoka juu, treni inabaki kuonekana mdoli.