Mazoezi ya safari ndefu ya baiskeli yaanzie njia ya kwenda kazini

Kwa Mhariri,

Kila inapotangazwa safari ndefu ya baiskeli, iwe ni ya kuteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha au ya kwenda Magadi na kurudi, msisimko ule ule huzuka hapa Nairobi. Maduka ya vipuri hujaa wateja, makundi ya WhatsApp huchangamka hadi usiku wa manane, na watu ambao hawajagusa pedali tangu mwaka uliopita hujiandikisha kwa furaha. Majuma machache baadaye wengi wao huwa kimya. Ninaandika kupinga maelezo tunayopewa kila mara, kwamba waliokata tamaa walikosa nidhamu. Kwa maoni yangu walichokosa ni mpangilio wa kuifanya baiskeli kuwa sehemu ya siku ya kawaida, kwa maana hakuna binadamu ambaye ari yake hukaa juu miezi mitatu mfululizo, na mazoezi yanayoitegemea ari peke yake hayana budi kukatika.

Anayetaka ushahidi asimame kando ya Barabara ya Jogoo kabla ya saa moja asubuhi. Atawaona wafanyakazi wa Eneo la Viwanda wakipita na baiskeli nzito zisizo na gia, mkebe wa chakula cha mchana umefungwa nyuma kwa mpira, na mguu mmoja wa suruali umechomekwa ndani ya soksi ili usinaswe na mnyororo. Manyunyu ya Julai hayawarudishi nyumbani, wala hakuna anayewauliza kama leo wamejisikia kufanya mazoezi. Wanakwenda kazini, na kwa kwenda kazini wamejijengea pumzi na mapaja ambayo wengi wetu tunayatafuta kwa kulipia ada ya kila mwezi katika ukumbi wa mazoezi. Mtu anayeishi Lang'ata na kufanya kazi katikati ya jiji ana kilomita kumi hivi kwenda na kumi kurudi. Akizikanyaga siku nne kwa wiki, amekusanya kilomita themanini bila kutenga saa hata moja ya ziada, kwa sababu muda huo angeupoteza vilevile ndani ya matatu iliyokwama kwenye foleni. Najua watasema ofisini hakuna bafu. Taulo dogo, maji ya bomba na shati la akiba ndani ya droo humaliza kazi, na jasho lenyewe linasumbua watu kidogo kuliko aibu ya kuonekana nalo.

Hata hivyo, njia ya kazini haitoshi kumwandaa mtu kwa siku nzima juu ya kiti cha baiskeli, na hapa ndipo safari ya Magadi inapowaumbua wengi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Magadi iko karibu mita 600. Ukishapita Kona Baridi barabara huteremka, upepo unavuma masikioni na kila mmoja anajiona bingwa. Uzito wa safari huonekana wakati wa kurudi, mwendeshaji anapolazimika kuupanda mwinuko huo wote, zaidi ya kilomita moja kwenda juu, jua likiwa kali kuliko jua lolote alilolizoea mjini na miguu ikiwa imeshachoka. Kwa hiyo siku moja kila wiki iwe ya mwendo mrefu, umbali ukiongezwa kidogo kidogo, na milima iwekwe sehemu ya pili ya safari badala ya mwanzoni. Anayeanzia Karen na kuzunguka kupitia Kiserian na Ngong atapata milima ya kutosha karibu na nyumbani. Joto nalo lina mafunzo yake, ambayo hayapatikani kwenye ubaridi wa msitu wa Karura wala wa Barabara ya Limuru. Lazima mtu ateremke bondeni mara kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Chakula ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini hutosha takriban saa moja na nusu hadi saa mbili za kukanyaga kwa bidii. Baada ya hapo, aliyekuwa hali huishiwa nguvu ghafla, hata awe hodari namna gani. Nimemwona kijana mwenye baiskeli ya thamani kubwa ameketi chini ya mgunga karibu na Olepolos, kwenye njia ya Magadi, mikono ikimtetemeka hata akashindwa kufungua kizibo cha chupa yake. Mama aliyekuwa akiuza vinywaji hapo alimpa soda na mandazi mawili, na baada ya muda mfupi kijana alikuwa amesimama akitafuta helmeti yake. Ndizi mbili kila saa, au viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi, zinazoanza kuliwa kabla ya njaa kubisha hodi, zingemwepusha na fedheha hiyo. Katika joto, maji matupu kwa wingi hayafai peke yake, kwa kuwa jasho hutoka na chumvi, na chumvi hiyo lazima irudishwe. Haya yote yajaribiwe kwenye mazoezi, maana tumbo nalo huhitaji kuzoezwa.

Kuhusu ari, dawa ninayoiamini ni kundi. Ni vigumu kuzima kengele ya saa kumi na moja alfajiri ukijua kwamba wenzako watatu wanakungoja kwenye kituo cha mafuta. Kule Kikuyu, David Kinjah amewalea vijana kwa miaka mingi katika kundi lake la Safari Simbaz, wakifanya mazoezi pamoja na kutengeneza baiskeli zao kwa mikono yao, na mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France mara nne. Sisemi sote tutafika huko.

Majuma mawili ya mwisho huharibu kazi ya miezi. Watu hushikwa na hofu na kuanza kukimbizana na kilomita walizozikosa, ilhali mazoezi mazito ya juma la mwisho hayapati muda wa kuzaa matunda; yanachoacha ni uchovu. Inafaa kupunguza umbali kwa karibu nusu, kubakiza vipindi vichache vya kasi ili miguu isilale, kulala mapema, na kumpelekea fundi baiskeli wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Na mtu asibadilishe kiti cha baiskeli wala viatu wakati huo.

Lipo jambo moja ambalo mwendeshaji hawezi kujitengenezea. Wengi wa wanaoacha mazoezi hawaachi kwa uvivu, bali kwa hofu, baada ya matatu kuwapitia kwa inchi chache au baada ya kukuta njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Thika imegeuzwa stendi ya bodaboda. Sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi itatengewa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Madiwani wanapoomba kura waulizwe fedha hizo ziko wapi.

Ninawaomba waandaaji wa safari hizi watangaze ramani ya njia, mwinuko wake na vituo vya maji siku ile ile wanapoanza kupokea ada, angalau miezi mitatu kabla, ili mtu ajue anajiandaa kwa mlima au kwa joto. Nanyi, Mhariri, mngetusaidia zaidi kwa kutenga safu fupi ya mazoezi kila wiki katika kipindi hicho kuliko kwa picha za washindi siku inayofuata.

Msomaji wenu,
Lang'ata, Nairobi