Usisubiri mwenzako afike linta ndio utafute wakili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniumiza na najua hapa Dodoma sipo peke yangu. Ni hii migogoro ya viwanja, na lile swali ambalo watu tunaulizana kila siku, hivi ni lini mtu unatakiwa utafute wakili na lini unaweza kuyamaliza mwenyewe hukohuko mtaani? Mimi nilichelewa karibu mwaka mzima na huo mwaka ndio ulionigharimu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Majengo. Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Mkonze kwa hela ya kikoba, hatua 20 kwa 30, kwa mzee mmoja aliyekuwa analima mtama na karanga pale. Tuliandikishana kwenye karatasi ya daftari, mzee akaweka dole gumba, mkewe akasaini, majirani wawili wakasaini, mhuri ukagongwa, nikajua yameisha. Nikapanda minyaa pembe zote nne nikawa nakusanya tofali kidogo kidogo. Kulikuwa pori tu enzi hizo, hakuna aliyekuwa anagombania. Sasa serikali ilivyotangaza kuhamia huku 2016, na 2018 mji ukawa jiji, bei za viwanja zikapaa na vile vilivyokwisha uzwa vikaanza kuuzwa tena. Mzee alifariki 2019. Mwaka 2022 naenda kuangalia kiwanja changu nakuta minyaa imeng'olewa imekaukia pembeni na msingi umeshachimbwa, mtoto wa marehemu kauza upya kwa mtu mwingine kabisa.

Siku ile ndio ilikuwa siku ya kwenda kwa wakili. Sikwenda. Niliogopa hela, nikasema haya ni mambo ya mtaani yataisha, nikaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akasema nenda polisi, polisi wakaniambia mama hii ni madai sio jinai, nikaenda baraza la kata. Huko wiki ya kwanza niliyemlalamikia hakutokea, ya pili hakutokea, mama njoo Alhamisi, Alhamisi nafika naambiwa katibu ana msiba, miezi ikawa inaenda hivyo hivyo. Na kila nikipita Mkonze nyumba imepanda. Msingi ukajazwa kifusi, zikaja kozi za kwanza, madirisha yakaanza kuonekana, mpaka siku nimepanda boda nakuta mafundi wanamwaga zege la linta, lile la juu ya madirisha, nililia palepale barabarani yule kijana wa boda akakosa hata la kuniambia.

Ndio nikatafuta wakili. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu kiwanja, aliniuliza, "Mama, baraza la kata ulifungua lini?" Nikamwambia miezi minane iliyopita. Akatikisa kichwa. Kumbe tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha basi, na likishindwa linakupa cheti uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila kuwasuluhisha unaruhusiwa kwenda hata bila hicho cheti. Siku 30 tu wajameni! Mimi nilikaa miezi minane nasubiri Alhamisi.

Akachukua karatasi yangu akaigeuza huku na huku, akauliza hii ililipiwa ushuru wa stempu? Sikuwa nimewahi kusikia hicho kitu. Kumbe karatasi ya mauziano ambayo haijalipiwa, ukiitoa kama ushahidi upande wa pili anasimama kuipinga na inakataliwa mpaka ulipie. Halafu akanieleza kwamba nikimshtaki yule mnunuzi peke yake kesi itakwama, lazima muuzaji naye aunganishwe, na kwa kuwa mzee ameshakufa inabidi awepo msimamizi wa mirathi, na familia ile haikuwahi kufungua mirathi. Maana yake yule kijana aliuza mali ya marehemu bila mamlaka yoyote, hilo lilikuwa upande wangu, lakini pia maana yake tuanzie Mahakama ya Mwanzo apatikane msimamizi. Na kubwa kuliko yote ni zuio la muda. Ningeliomba msingi ulipokuwa bado shimo, baraza lingeweza kuamuru ujenzi usimame mpaka kesi iishe. Sasa hivi kuna nyumba ya mtu pale, ana watoto, na mtu mwenye nyumba hakubali kirahisi kama mtu mwenye shimo.

Kwahiyo ninachowaambia wenzangu, karatasi ya pili ikijitokeza juu ya ardhi yako, au bikoni, lile jiwe la mpaka, usiyoijua, au hata mtu anapima kwa kamba, wahi kwa wakili kabla hujasaini kitu chochote cha maelewano, maana wengine wanasainishwa huko wakidhani wanasaini mahudhurio. Na ukiwa na mgogoro na serikali au halmashauri ndio kabisa usijaribu mwenyewe. Jirani yangu aliandikiwa kesi na kishoka mmoja, yaani wakili wa uongo, dhidi ya taasisi ya umma, wakaifungua moja kwa moja, ikatupwa, kwasababu sheria inataka utoe notisi ya siku 90 kwanza, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi yenyewe inaenda Mahakama Kuu. Akarudi mwanzo kabisa na hela ya kishoka hairudi. Wakili wa kweli unamtafuta kwenye mfumo wa mahakama wa e-Wakili, unaona kama yupo na kama leseni yake iko hai.

Muda nao haukungoji. Mtu akikaa kwenye ardhi yako miaka 12 hujamshtaki, haki yako ya kudai inakufa, na ukishindwa kwenye Baraza la Wilaya una siku 45 tu za kukata rufaa. Kuna akina mama pia wanashtuka nyumba ya familia inapigwa mnada na benki na wao hawakuwahi kutoa ridhaa kwenye ule mkopo, hao nao wasikae kulia ndani, sheria inawalinda ila lazima waende.

Sisemi kila kitu ni wakili. Jirani kasogeza fensi nusu hatua, mmegombania njia ya kupita, hayo kaeni na wazee myamalize, au nendeni baraza la kata, ambako mawakili hata hawaruhusiwi kukuwakilisha. Na asiye na uwezo asikate tamaa, kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii.

Ombi langu kwako Mhariri, tenga hata robo ukurasa kila wiki mawakili wajibu maswali ya viwanja kwa lugha hii tunayoongea, maana watu wa Nala, Ihumwa, Ntyuka, kote huko wananunua kila siku kwa karatasi za daftari kama nilivyonunua mimi.

Kesi yangu bado ipo. Msimamizi wa mirathi ameshapatikana, na mwezi ujao baraza linakuja kuangalia eneo. Mjane wa marehemu amekubali kuja kuwaonyesha mipaka aliyonionyesha mumewe. Nilienda Jumapili, nikakuta nyuma ya ile nyumba visiki viwili vya minyaa yangu vimechipua tena, nimevipiga picha na nimempelekea wakili.

Fundi cherehani, Majengo, Dodoma