Wembamba wa saa ya kalenda ya kudumu unalipwa na nani?

Kisumu, Jumanne jioni

Ndugu yangu Barasa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote hapo Nakuru. Swali la mteja wako nimelipata. Anataka saa ya kalenda ya kudumu, ile inayojua yenyewe miezi mifupi na miaka mirefu, iliyo nyembamba kuliko zote, na anauliza kama wembamba huo ni ufundi au ni maneno ya wauzaji. Ni ufundi mkubwa, ila una gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo itakuangukia wewe fundi.

Kwanza mweleze kinachotokea usiku. Kuna gia inayozunguka mara moja kwa siku, nayo inausukuma wenzo mkubwa ambao mdomo wake unaegemea diski ya miezi. Mwezi wa siku 31 ukingo wa diski ni mzima. Mwezi wa siku 30 una pengo fupi, na Februari ya siku 28 ina pengo refu kuliko yote. Mdomo ukizama zaidi, wenzo unapata nafasi ya kusogea zaidi, na tarehe inasukumwa meno zaidi. Kutoka 30 Aprili kwenda 1 Mei ni meno mawili. Kutoka 28 Februari kwenda 1 Machi ni manne, na mwaka mrefu, kutoka tarehe 29, ni matatu.

Sasa hiyo diski waiweke vipi? Wengine wanakata diski moja ya miezi 48 inayomaliza mzunguko kwa miaka minne. Wengine wanatumia ya miezi 12, na juu yake wanapachika kipande kidogo cha Februari kinachogeuka mwaka hadi mwaka. Ya pili ni rahisi kukata lakini inaongeza kimo. Ya kwanza ni bapa, ila kila mwezi unabaki na digrii 7.5 tu. Kwenye diski ya kipenyo cha milimita 10, huo ni upana wa kama milimita 0.65 ukingoni. Uchafu kidogo tu ukikaa humo, Februari itasomeka kama Aprili.

Watengenezaji saa wa Uswisi, Audemars Piguet, mwaka 2018 walifanya uamuzi ambao mimi naona ndio wa kijasiri zaidi. Mtambo wao wa 5134, yaani mashine ya ndani ya saa, una unene wa milimita 4.31. Kwenye 5133 walishuka hadi 2.89, na saa nzima ikawa milimita 6.3. Walichofanya ni kama kubomoa ghorofa na kujenga nyumba ya chini: vyumba vilibaki, kiwanja kikaongezeka, maana kipenyo cha mtambo kilitoka milimita 29 hadi 32. Kamu ya mwisho wa mwezi, yaani diski yenye ukingo usio sawa unaoongoza wenzo, ikaunganishwa na gia ya tarehe, na kamu ya miezi ikaunganishwa na gia yake. Namba ya wiki ikaachwa kabisa. Ukikutana na kipande cha namna hiyo kilicholika jino moja, hubadilishi jino wala kamu, unabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Na kipande hicho hukipati madukani River Road, Nairobi.

Kampuni ya Bulgari walipita njia nyingine mwaka 2021. Walianza na mtambo wa BVL 138, wenye milimita 2.23 na rota ndogo, uzito unaozunguka mkono ukitikisika na kujaza springi, iliyozama ndani ya bamba badala ya kuzunguka juu yake. Kalenda yote imeongeza milimita 0.52 tu, jumla 2.75, na saa nzima ni 5.80. Vipande ni 408. Onyesho la mwezi wa angani hawakuliweka. Tarehe inasomwa kwa mshale unaopanda kwenye upinde na kuruka nyuma mwezi ukiisha, na hilo ndilo lisilonipendeza, kwa sababu mshale unaoruka unahitaji springi yake, na springi hiyo inakula nguvu.

Nguvu ndiyo shida kuu ya saa nyembamba. Springi kuu ina kimo kidogo, kwa hiyo msukumo ni mdogo, na kalenda inaudai wote kwa pamoja. Saa ikisimama karibu na saa sita usiku, hasa mwisho wa mwezi, usikimbilie balansi, lile gurudumu linalobembea kupima muda. Angalia mafuta yaliyoganda kwenye wenzo, au kizuizi cha tarehe kinachokaza kupita kiasi kwa sababu mtu alikipinda. Ukishaisafisha, ipitishe kwenye miisho minne ya mwezi, yaani 28, 29, 30 na 31, na upime bembea ya balansi kabla na baada ya kila mruko.

Kurekebisha tarehe pia kuna taratibu zake. Kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku usiguse kitufe chochote cha ubavuni mwa kesi, maana wenzo umeshashika meno. Sogeza mishale mpaka tarehe igeuke, kisha endelea hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tumia kijiti cha plastiki au cha mti, si sindano, na bonyeza hadi mwisho. Mbonyezo wa nusu unaacha kucha, ile ncha inayosukuma gia, katikati ya meno. Tarehe iwe mwanzoni mwa mwezi kabla hujaweka Februari. Ukipitisha mwezi mmoja kwenye diski ya 48, utabonyeza mara 47 kurudi ulipotoka.

Mkumbushe pia akiba ya nguvu, yaani muda saa inaotembea bila kuvaliwa. 5133 inakaa saa 40 na Bulgari saa 60. Akivua saa Ijumaa saa kumi na mbili jioni ikiwa imejaa, ya kwanza inasimama Jumapili saa nne asubuhi, ya pili Jumatatu alfajiri.

Kama ataivaa kila siku, mimi ningemwambia asishindanie milimita. Mwaka 2025 Audemars Piguet walitoa mtambo wa 7138, milimita 4.1, ambao kila kitu kinarekebishwa kwa krauni, kile kifundo cha kuzungusha pembeni mwa saa, bila vitufe ubavuni. Saa yenyewe, kwenye toleo la Royal Oak, inafika milimita 9.5. Kwa unyevu wa huku ziwani, matundu matatu au manne yasiyokuwepo kwenye kesi ni faida kubwa kuliko wembamba. Akishikilia ile nyembamba, mpe onyo moja la mwisho: kioo na mishale vimekaribiana sana, asiiweke mfukoni pamoja na funguo, na wewe usifunge mfuniko kwa kiganja. Tumia mashine ya kukandamiza yenye pete inayoshika ukingo wa kesi tu.

Wako,
Ochieng'