Barua ya wazi kwa mama mdogo: hukuwa unajidekeza

Mama mdogo, shikamoo.

Umeniruhusu niandike haya hadharani, mradi nisitaje jina lako wala la hospitali. Nashukuru, maana wako wengi waliotoka wodini na aibu isiyo yao. Tangu upasuaji wa goti umekuwa ukirudia maneno uliyoambiwa usiku ule: mgonjwa wa kitanda cha pili amepasuliwa kama wewe, amepewa vidonge vilevile, na amelala fofofo, sasa wewe unalia nini? Wakasema unajidekeza. Kilichoniuma zaidi ni kwamba na wewe umeanza kuamini.

Mimi ni mfamasia, vidonge hivyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nimesoma karatasi ulizotoka nazo. Nina sababu nzuri za kuamini kwamba maumivu yako yalikuwa kama ulivyoyasema.

Ulipewa kodeini. Kodeini yenyewe haina nguvu kubwa ya kutuliza. Ikishamezwa hufika kwenye ini, na huko kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kinachoitwa CYP2D6 hugeuza sehemu yake ndogo, kwa watu wengi kama asilimia 10 au pungufu, kuwa mofini. Mofini hiyo ndiyo inayoleta nafuu. Kodeini ni barua ndani ya bahasha: ambaye mwili wake hauwezi kuifungua hapati habari iliyomo. Aongeze kidonge cha pili, aongeze cha tatu, atakachoongeza ni kichefuchefu na kizunguzungu, maumivu yako palepale.

Na kimeng'enya hicho hatukugawiwa sawa. Jeni inayokitengeneza ina sura nyingi mno. Zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 100. Kuna waliorithi kwa baba na kwa mama nakala zisizofanya kazi kabisa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya hao ni kati ya asilimia 5 na 10. Kuna ambao nakala zao zinafanya kazi kwa uvivu, na moja ya aina hizo za kivivu imeenea sana kwetu Waafrika. Kuna pia waliozaliwa na nakala za ziada, ambao ini lao hugeuza kodeini kwa kasi ya hatari. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta hao ni asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa, ilhali Ulaya ya kaskazini ni mmoja au wawili tu katika kila 100. Kwa hiyo mtu anaposema "dozi ya kawaida", mimi huuliza: ya kawaida kwa nani?

Jambo hili lilianza kujulikana kupitia dawa ya presha. Mwaka 1975 mwanasayansi Robert Smith wa London alimeza debrisokwini pamoja na wenzake wa maabara, kwa ajili ya utafiti. Wenzake hawakuona lolote la ajabu. Yeye presha ilimshuka vibaya hadi akashindwa kusimama. Walipopima mikojo, ya wenzake ilionyesha dawa imevunjwavunjwa, yake ilionyesha dawa imepita karibu yote kama ilivyoingia. Matokeo ya uchunguzi uliofuata yalichapishwa mwaka 1977, na kimeng'enya kilichokuwa hafifu kwa Smith ndicho hichohicho ambacho kodeini inakitegemea. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mtaalamu mwenyewe ndiye aliyeanguka, na hakuna aliyethubutu kumwambia anajidekeza.

Sasa turudi kwako. Karatasi zako zinaonyesha kwamba alfajiri ulichomwa sindano ya mofini, ukatulia, ukalala. Mofini haihitaji kufunguliwa na CYP2D6. Imeingia mwilini ikiwa tayari. Kwangu mimi tukio hilo ni ushahidi unaokutetea. Lakini nasikia lilichukuliwa kinyume, kwamba "mama huyu anapenda dawa kali". Hapo ndipo hasira zangu zilipo, mama mdogo. Mgonjwa anasema vidonge havimsaidii, kisha dawa isiyopitia njia ile inamsaidia, halafu badala ya mtu kujiuliza kwa nini, anaanza kumtilia shaka mgonjwa.

Tena kuna jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Tangu ule msiba unatumia fluoksetini kwa ajili ya sonona. Dawa hiyo, sawa na paroksetini, dawa nyingine ya sonona, hukizuia CYP2D6 kwa nguvu. Mtu anaweza kuzaliwa na kimeng'enya kizima kabisa, lakini akiwa kwenye fluoksetini mwili wake ukaishughulikia kodeini kama wa yule aliyezaliwa bila. Hujapimwa vinasaba, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hii ndiyo sababu, ila nikiambiwa nichague moja ya kuanza nayo, ningeanza na hii. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili lako, ukurasa wa kwanza.

Nakusihi usiiache fluoksetini kwa sababu ya barua hii. Imekusimamisha pale ambapo sisi wote tulishindwa kukusaidia. Isitoshe, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa, kwa hiyo kuikatisha siku mbili kabla ya upasuaji hakusaidii kitu zaidi ya kukuumiza. Cha kubadilisha ni dawa ya maumivu.

Na wasikubadilishie kwa tramadoli, kama walivyofanya siku ya pili. Tramadoli nayo huhitaji kimeng'enya kilekile ili itoe nguvu yake kubwa, kwa hiyo ulihamishwa kutoka kwenye mlango mmoja uliofungwa kwenda mwingine wa nyumba hiyohiyo. Mbaya zaidi, tramadoli pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa degedege, na wa hali ambapo serotonini, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari, inazidi mwilini: mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, akili inavurugika. Ulinieleza mikono yako ilivyotetemeka hadi kikombe kikakushinda. Niliogopa sana niliposoma kile kilichoandikwa siku hiyo.

Nisikufanye uamini kwamba kila kitu ni jeni na kimeng'enya. Kodeini ni dawa dhaifu hata kwa wanaoigeuza vizuri. Katika majaribio ya maumivu ya baada ya upasuaji, miligramu 60 zake peke yake hupewa watu 12 ndipo apatikane mmoja aliyepata nafuu ya nusu au zaidi ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa ibuprofeni ya miligramu 400 wanatosha wawili au watatu. Watu husikia kodeini inatajwa pamoja na mofini wakadhani lazima iizidi ibuprofeni, na kwa maumivu ya namna yako mara nyingi sivyo. Lakini ibuprofeni nayo ina masharti. Wewe una presha, na inaweza kuipandisha, ikasumbua figo pamoja na baadhi ya vidonge vya presha, ikachokonoa vidonda vya tumbo. Hiyo daktari aamue akiwa na majibu ya figo mkononi. Figo zina uzito hata kwenye mofini, kwa sababu mabaki yake yenye nguvu hutolewa kwa mkojo. Zikichoka, dozi iliyomfaa mtu mwaka jana inaweza kumzidi mwaka huu.

Hata aina ya maumivu ina neno lake. Ule moto unaokuchoma pembeni ya kovu, unaokuja hata shuka likigusa ngozi, unaonekana kwangu kuwa wa mshipa wa fahamu ulioguswa. Parasetamoli na ibuprofeni mara nyingi hazifiki huko. Kuna dawa nyingine kama gabapentini. Mwambie daktari kwamba unaungua, usiseme tu "goti linauma".

Na matumaini yana kazi yake ndani ya ubongo. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa watu waliong'olewa meno dawa isiyo dawa, baadhi wakapata nafuu; walipochomwa naloksoni, dawa inayozuia mofini, nafuu ile ikapungua. Maana yake mwili wenyewe ulikuwa umetoa vitulizo vyake. Ndiyo maana sioni kauli ya kumkejeli mgonjwa usiku wa manane kuwa jambo dogo. Inagusa tiba yenyewe.

Sasa ombi langu zito. Umeniambia vidonge vya kodeini vilivyobaki umemwekea mkwe wako, anyonyeshaye, kwa kuwa "mimi havinidhuru". Tafadhali usimpe. Kama yeye ni katika wale wenye nakala za ziada, mofini itajaa haraka kwenye damu yake, ipite kwenye maziwa, na mtoto mchanga anaweza kulala usingizi mzito usio wa kawaida, akashindwa kunyonya, pumzi zikapungua. Watoto wamekufa kwa kodeini waliyopewa kwa dozi halali, hasa baada ya kuondolewa tonsili. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa, na mwaka 2017 ikakataza kodeini isipewe watoto chini ya miaka 12, ikakataza pia tramadoli kwa maumivu yao, na kushauri wanaonyonyesha wasitumie yoyote kati ya hizo mbili. Vipeleke duka la dawa wakaviharibu. Kama ameshameza hata kimoja, mtoto asiachwe bila kuangaliwa, na akionekana mlegevu au anapumua kwa shida, waende hospitali saa hiyohiyo.

Goti la pili linakuja. Siku ya kuonana na daktari wa usingizi, usingoje uulizwe. Sema hivi: natumia fluoksetini na dawa ya presha, kodeini haikunisaidia, tramadoli ilinitetemesha, mofini ilinituliza kwa dozi hii, na umwonyeshe karatasi. Omba iandikwe kwenye faili, kisha usome kilichoandikwa. Kipimo cha jeni kikipatikana, sawa, ila kiwe kinachotazama na aina zilizoenea kwa Waafrika, kwani vingine vilitengenezwa kwa kuangalia watu wa Ulaya zaidi na vinaweza kupitwa na za kwetu. Kisipopatikana, historia yako inatosha kumwongoza anayetaka kusikiliza.

Nitakuja nawe siku hiyo, ukipenda. Nijulishe tarehe mapema niombe ruhusa kazini, na majibu ya figo yakitoka nitumie picha yake kabla hujaandikiwa chochote.

Mwanao, mfamasia