Farasi hatuna, punda tunao

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu watoto wenye usonji (autism, hali inayoathiri mawasiliano na tabia) wanaopandishwa farasi huko Ulaya na Marekani ili kuwasaidia. Mjukuu wangu wa miaka tisa ana usonji, kwa hiyo niliirudia mara mbili. Kisha nikajiuliza: farasi gani huyo wa kukaa Tabora? Mapori yetu yana mbung'o, na farasi akishapata nagana, ugonjwa wanaoueneza, hana siku nyingi. Mbona punda mmemsahau?

Mjukuu wangu ana maneno machache mno, na kelele za mnadani humfanya azibe masikio na kulia. Hapa nyumbani Nzega tuna punda wawili wa kuvuta mkokoteni wa maji. Kiangazi kilichopita alianza kutufuata kisimani, kiganja kakiweka ubavuni mwa yule jike mkubwa, kimya njia nzima. Siku moja, madumu hata hayajapakiwa, akamwambia punda: "Twende." Sisi hakuwahi kutuambia hivyo. (Asante ya punda ni mateke, najua. Ndiyo maana haruhusiwi kupita nyuma yake, na kamba naishika mimi.)

Sidai kwamba punda anaponya. Usonji si maradhi ya kuponywa, wala si kurogwa kama majirani walivyonong'ona. Lakini huko Colorado, Marekani, watafiti walichukua watoto na vijana 127 wenye usonji, wakatangaza matokeo mwaka 2015. Kundi moja lilipanda farasi kwa wiki 10. Jingine likafundishwa habari za farasi bila farasi mwenyewe. Waliopanda walipungukiwa na hasira na kuhangaika, wakazidi kuongea. Na Uingereza wapo wanaotumia punda kwa watoto wenye ulemavu, miaka mingi sasa.

Hospitali niliyompeleka mtoto walinipa karatasi, wakasema nirudi baada ya miezi sita. Afisa mifugo naye akija ni kwa ajili ya ng'ombe. Punda mwenye kidonda cha nira hamtazami. Naomba halmashauri iwakutanishe mtu wa hospitali, afisa mifugo na mwalimu wa elimu maalumu, Jumamosi moja tu kwa mwezi, kwenye uwanja wa shule. Kuna mwembe wenye kivuli kizuri pale, na wazazi wenye watoto kama wangu nawafahamu wanne. Punda nitawaleta mimi.

Babu wa mjukuu mmoja,
Nzega, Tabora